Dakika tano chini ya ulimi: tathmini ya uchunguzi wa saratani ya kinywa kwa daktari wa meno

Nilikwenda kliniki hii kuziba jino. Gego la chini upande wa kushoto lilikuwa limevunjika ukingo, na kila nilipozungumza kwa muda mrefu ulimi ulikuwa ukikwaruzika hapo. Nilitarajia kudungwa sindano ya ganzi, kukaa kinywa wazi kwa nusu saa na kurudi nyumbani. Jino lilizibwa vizuri na halijanisumbua tena, lakini si hilo linalonifanya niandike tathmini hii. Ninaandika kwa sababu ya dakika zipatazo tano zilizotangulia kazi hiyo, ambazo daktari alizitumia kukagua kila kitu kilichomo kinywani mwangu ambacho si jino.

Ili msomaji aelewe kwa nini ninazipa uzito dakika hizo, ni lazima niseme nilikotoka. Kwa zaidi ya miaka 10 nilikuwa nikihudhuria kliniki nyingine, ambayo sitaitaja. Huko nilipokelewa kwa heshima, ugaga uliondolewa, meno yaling'arishwa, na mara mbili nilizibwa matundu bila maumivu yoyote. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo hakuna aliyenitaka niinue ulimi, hakuna aliyenipapasa shingo, na hakuna aliyeniuliza kama navuta sigara. Nilikuwa navuta, na nilivuta kwa miaka 22. Sikulalamika wakati huo, kwa kuwa sikujua kwamba kulikuwa na kitu cha kudai.

Katika kliniki hii mambo yalianza hata kabla kiti hakijalazwa. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alinitazama usoni kutoka mbele kuona kama pande mbili zinalingana. Kisha akasimama nyuma yangu, akaweka vidole chini ya taya, akashuka navyo polepole kando ya msuli mkubwa wa shingo hadi kwenye mtulinga, akitafuta tezi zilizovimba au zilizokuwa ngumu. Alinifunua midomo kwa ndani, akayavuta mashavu kwa vioo viwili, akapita kwenye fizi zote na kwenye kaakaa, akaniambia niseme "aaa" huku akimulika koo. Niliona pia kwamba mgonjwa aliyenitangulia, ambaye ana meno bandia, alitoka akiwa bado ameyashika mkononi ndani ya kikopo. Hapa mtu hakaguliwi akiwa ameyavaa, kwa sababu yanafunika sehemu ambayo daktari anataka kuiona.

Sehemu iliyonishangaza ilikuwa ya ulimi. Aliikunja shashi, akaishika nayo ncha ya ulimi wangu kwa nguvu ya kutosha usiteleze, akauvuta nje kuelekea kulia, akatazama ukingo wa kushoto wote mpaka mwisho kabisa unapoungana na koo, kisha akauvuta kuelekea kushoto na kufanya vivyo hivyo. Haipendezi, na mtu anayetapika kwa urahisi atapata shida kidogo, lakini haiumi. Huko nyuma pembeni ni mahali ambapo mtu hawezi kujiona hata akisimama mbele ya kioo na tochi, na ndiko saratani ya ulimi inakopenda kuanzia. Mwisho aliingiza kidole chini ya ulimi, mkono wa pili akauweka chini ya kidevu kwa nje, akaibana nyama iliyo katikati, sehemu moja baada ya nyingine. Baadaye aliniambia kwamba hapo hatafuti uvimbe tu. Anatafuta ugumu, kwa sababu kinywa chenye afya ni laini, na nyama ya saratani mara nyingi huwa ngumu kama ubao chini ya kidole hata pale ambapo jicho halioni kitu cha ajabu.

Nadhani watu wengi, kama mimi zamani, huichukulia saratani ya kinywa kuwa jambo la nadra. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu wapatao 389,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya midomo na kinywa, na wapatao 188,000 walikufa kwayo. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizi huanzia kwenye utando wenyewe wa kinywa, yaani juu kabisa, mahali panapoonekana kwa macho na kufikiwa kwa kidole. Hapa ndipo uchungu wa jambo hili ulipo. Kuna saratani zilizojificha ndani ya mwili ambazo haziwezi kuonekana bila mashine kubwa. Hii iko mlangoni, na bado wagonjwa wengi hufika hospitali ikiwa imeshaingia kwenye tezi za shingo. Takwimu za Marekani kuhusu saratani za kinywa na koo zinaonyesha kwamba ugonjwa ukikutwa ungali mahali ulipoanzia, zaidi ya watu 8 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5, ilhali ukikutwa umesambaa mbali mwilini, wanaobaki hai kwa muda huo ni chini ya nusu.

Wanachelewa kwa sababu mwanzoni haiumi. Mtu huja haraka kwa jino linalomkosesha usingizi, lakini baka lisilouma hulizoea kama anavyozoea kovu. Wengine huona kidonda, wakanunua dawa ya kupaka, kikapungua makali kwa siku chache, wakanunua nyingine. Ndiyo maana daktari wa meno ana nafasi ambayo madaktari wengine hawana: yeye hutembelewa na watu wasiojihisi wagonjwa, wanaokubali kukaa kinywa wazi chini ya taa kali. Asipoitumia nafasi hiyo, huenda miaka ikapita kabla ya mtu mwingine kutazama humo.

Kwangu mimi alipata kitu. Aliposhika ulimi na kuuvuta kuelekea kulia alinyamaza, akaigeuza taa, akanikabidhi kioo cha mkono. "Mzee wangu, una habari na hili?" Sikuwa nayo. Kulikuwa na baka jeupe kwenye ukingo wa kushoto, likitazamana na lile gego lililovunjika, na mwishoni mwake kwa nyuma doa jekundu dogo. Alilisugua kwa shashi ili aone kama litatoka, kwa kuwa utando wa fangasi mara nyingi hufutika, lakini hili halikufutika. Alichukua kile chuma chembamba chenye alama za milimita wanachopimia fizi, akaliwekea kando: milimita 8. Akalipiga picha, kisha akalichora kwenye karatasi yenye umbo la kinywa, akaandika tarehe na kipimo. Nilimwambia, kwa matumaini, kwamba haliumi hata kidogo. Alinijibu kwa upole kwamba angefurahi zaidi kama lingekuwa linauma.

Nataka kuyanukuu maneno aliyonieleza baadaye, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nimwamini. "Sisemi kwamba ni saratani, na sisemi kwamba si saratani. Linaweza kuwa ni jino linalokukwaruza, linaweza kuwa ni zile sigara. Leo ninalainisha jino, na baada ya siku 14 tunatazama tena." Kisha akaeleza sababu ya hizo siku 14. Utando wa kinywa hujiumba upya kwa kasi, na kidonda kilichosababishwa na msuguano, kikiondolewa kinachokisugua, kwa kawaida hupona ndani ya wiki mbili. Kisichopona katika muda huo, wakati hakuna kinachokisumbua, lazima kitafutiwe maelezo. Alisema pia kwamba mabaka meupe mengi hayageuki kuwa saratani, na kwamba jekundu ndilo linalomnyima amani, kwa kuwa mabaka mekundu yasiyo na sababu inayojulikana, yanapokatwa na kupimwa, mara nyingi hukutwa tayari na mabadiliko makubwa ya seli au saratani yenyewe.

Nasisitiza ukweli huu wa daktari kwa sababu kuna njia nyingine, na historia inaijua. Mwaka 1923 Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeasisi uchambuzi wa nafsi na mvutaji mkubwa wa sigara nene, alipata uvimbe kinywani. Madaktari wake wa kwanza walimficha kwamba ni saratani. Miezi kadhaa baadaye alifika mikononi mwa Hans Pichler, bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, na kuanzia hapo hadi kifo chake mwaka 1939 alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30 na kuishi na kifaa bandia mahali pa sehemu ya kaakaa na taya. Sidai kwamba ukweli peke yake ungemwokoa. Nasema tu kwamba mgonjwa aliyefichwa hawezi kujua kwamba anapaswa kurudi upesi.

Nilitoka nikiwa na tarehe ya kurudi iliyokwisha kuandikwa, si ahadi ya "tutakupigia". Jioni ya siku ya 13 nilipigiwa simu kukumbushwa. Siku ya 14 doa jekundu lilikuwa limetoweka, na baka jeupe lilikuwa limepungua hadi milimita 5, lakini lilikuwepo. Mimi nilikuwa tayari kushangilia. Yeye alipima, akapiga picha ya pili, akaiweka kando ya ile ya kwanza, akaniandikia rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Barua ile nilionyeshwa kabla haijafungwa. Ilitaja mahali hasa baka lilipo, ukubwa wa mara zote mbili, kwamba jino lililainishwa tarehe gani, miaka ya uvutaji, hali ya tezi za shingo, na picha zote mbili ziliambatishwa. Yule bingwa hakulazimika kuniuliza jambo lolote mara ya pili, na nilipewa nafasi ndani ya wiki hiyo hiyo.

Kukatwa kinyama cha kupima kulichukua muda mfupi kuliko kuziba lile gego. Sindano ya ganzi iliuma kwa sekunde chache, kisha sikuhisi kitu zaidi ya kuvutwa. Alikata kijipande kinachojumuisha baka pamoja na ukingo wa nyama nzima iliyo kando yake, akashona nyuzi mbili zinazoyeyuka zenyewe. Ulimi ulikuwa mzito na wenye kidonda kwa siku nne. Majibu ya mwanapatholojia, yaani mtaalamu anayechunguza nyama iliyokatwa kwa darubini, yalisema kwamba kulikuwa na mabadiliko hafifu ya seli, na hapakuwa na saratani. Tulikubaliana kwamba mahali hapo patazamwe kila baada ya miezi 3, na kwamba sigara ziishe. Ninaandika haya nikiwa na miezi 7 bila kuvuta, na mtu anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kuvuta kwa miaka 22.

Sasa niseme yasiyonipendeza, kwa kuwa tathmini isiyoyataja hayo haimsaidii mtu, wala kliniki yenyewe. Kubwa zaidi ni kwamba majibu yangu yalifika na kukaa siku sita kwenye kliniki bila mimi kujulishwa, kwa sababu mhusika alikuwa likizo na hakuna aliyeshika nafasi yake. Kliniki iliyojua kunikumbusha tarehe ya kukaguliwa haikujua kunitafuta pale ambapo siku zilikuwa ndefu kuliko zote. Daktari aliomba radhi kwa dhati, na niliambiwa kwamba sasa kuna daftari la majibu yanayosubiriwa, ambalo watu wawili wanawajibika nalo. Ninatumaini litadumu. Ingekuwa saratani, siku sita zisingebadilisha matibabu kwa kiasi kikubwa, lakini mgonjwa mwingine angeweza kuuchukulia ukimya ule kuwa habari njema na asirudi kabisa.

Pia fomu wanayokujazisha mlangoni inauliza kuhusu sigara tu. Haiulizi kuhusu ugoro, wala tumbaku ya kutafuna, wala popoo na tambuu, wala pombe. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, imewekwa na lile Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pombe na tumbaku zikikutana kwa mtu mmoja, hatari yake huzidi jumla ya hatari za kila kimoja. Daktari aliniuliza yote haya kwa mdomo, lakini fomu hubaki hata siku ambayo yeye hayupo, na ningependa iulize kama anavyouliza yeye.

La tatu ni bango lililopo ukumbini linalotangaza taa maalumu ya "kugundua saratani mapema" kama huduma ya ziada. Nilipomuuliza daktari kwa nini hakuitumia kwangu, alisema kwamba taa ile humulika utando na kuonyesha sehemu zinazong'aa tofauti na nyingine, lakini hata kidonda cha kawaida au uvimbe wa fizi unaweza kuonekana vivyo hivyo, na haitoi jibu ambalo kinyama kilichopimwa maabara hutoa. Hilo linalingana na mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka 2017, ambao haukupendekeza taa za aina hiyo wala rangi za kupaka zitumike kuamua kama doa la kutilia shaka ni la hatari, bali ulisisitiza ukaguzi wa macho na mikono na kisha kukata kipande cha kupima au kutoa rufaa. Kwa hiyo bango linavutia watu kwenye kitu ambacho daktari mwenyewe hakiegemei, huku ile kazi ya vidole vyake, ambayo ndiyo huduma yenyewe, haijaandikwa popote ukutani. Bango hilo liondolewe.

Wapo watakaouliza kama kazi hii ya macho na vidole kweli inaokoa maisha. Ushahidi mzito zaidi ninaoujua unatoka jimbo la Kerala, India, ambako utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1996 katika wilaya ya Trivandrum uliwatuma wahudumu wa afya waliofundishwa, ambao hawakuwa hata madaktari, kukagua vinywa vya watu nyumba kwa nyumba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34 katika maeneo yaliyokaguliwa. Kwa watu wote kwa ujumla, pamoja na wasiotumia, tofauti haikuwa ya uhakika. Kwa uaminifu huo huo ni lazima niseme kwamba mwaka 2013 jopo la Marekani linalotoa ushauri kuhusu huduma za kinga lilisema ushahidi hautoshi kupima faida na madhara ya kuwakagua watu wazima wasio na dalili. Ushauri huo, hata hivyo, uliwahusu madaktari wa kawaida wa huduma ya kwanza, si madaktari wa meno. Mimi nalichukulia jambo hili hivi: nikiwa nimekaa kwenye kiti tayari, kinywa kikiwa wazi tayari, na nikiwa na miaka 22 ya sigara nyuma yangu, dakika tano hizo si za kubishaniwa.

Kuna jambo jingine nililolisikia kutoka kwa daktari huyu ambalo ningetamani kila kliniki ilishike. Alisema kwamba jino linalolegea kwenye ufizi usio na ugonjwa halipaswi kung'olewa kabla ya kuulizwa limelegea kwa nini, kwa kuwa uvimbe unaoila taya hulegeza meno pia, na tundu la jino lililong'olewa ambalo wiki zinapita bila kufunga linaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza. Vivyo hivyo ganzi ya mdomo au kidevu isiyo na sababu, ulimi unaokuwa mzito kusogea, au maumivu ya sikio ambalo daktari wa masikio hakuona kitu ndani yake. Mtu mwenye lolote kati ya haya asiridhike na kuambiwa kwamba meno yako sawa.

Juma lililopita nilirudi kwa mara ya pili ya zile ziara za miezi 3. Alianza na shingo kama kawaida. Alipofika kwenye ulimi, alikunja shashi na kuuvuta kwanza kuelekea kushoto, akautazama kwa makini ukingo wa kulia, ule ambao haujawahi kuwa na kitu, akapapasa chini yake, akapanda kwenye kaakaa, na mahali palipokuwa na baka akapafikia mwisho kabisa. Nilimuuliza kwa nini asianze na pale tulipopakusudia. Alisema akianza na pale anapopajua, macho yake hupumzika mapema. Kisha akapima, milimita 2, akaandika, akanipa tarehe nyingine.